Mtori Huliwa Kandokando

Kijiko cha kwanza cha mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, nilichokula Marangu kiliniunguza ulimi kiasi kwamba kwa siku mbili nzima chai na maji ya moto vilikuwa na ladha moja kinywani mwangu, na kosa halikuwa la mpishi. Bakuli lilifika mezani likiwa limetulia, halifuki wala halitokoti, na juu yake palikuwa na utando mwembamba unaong'aa kama ule unaotanda juu ya maziwa yaliyochemshwa. Nami, kwa njaa ya kutwa nzima barabarani na kwa ujuaji wa mtu wa pwani aliyezoea supu nyepesi zinazojitangaza kwa mvuke, nikachota katikati. Wazee wawili waliokaa meza ya jirani walitazamana. Kisha mmoja wao akaniambia kwa upole, bila kucheka, “Kijana, mtori huliwa kandokando.”

Ilikuwa Julai 2018. Mimi ni fundi mizani, na nilikuwa nimepewa kazi ya kukagua na kurekebisha mizani ya vyama vya msingi kadhaa vya ushirika upande wa Vunjo, mkoani Kilimanjaro, kwa sababu msimu wa kahawa ulikuwa unaanza, na hakuna kinachozua ugomvi kati ya mkulima na karani wa chama kama mzani unaoshuka robo kilo. Ushirika wa kahawa katika mkoa ule ni wa siku nyingi, tangu KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ilipoundwa mwaka 1933, kwa hiyo mzee aliyelima kahawa maisha yake yote hukutazama ukifungua mzani kwa macho ya mtu ambaye amekwisha kupunjwa na haoni kwa nini wewe uwe tofauti.

Niliondoka Dar es Salaam alfajiri, enzi zile mabasi ya mikoani yakiwa bado yanaondokea Ubungo, nikiwa na sanduku la mawe ya mizani chini ya miguu na mafua yaliyoanza kunikaba kabla hatujafika Chalinze. Dirisha la kiti changu lilikuwa halifungi. Kuanzia Segera milima ya Usambara ikatuandama kwa mkono wa kulia, ikafuata ya Upare, Same ikapita na upepo wake wa vumbi, na nilipoteremka Himo jioni sauti yangu ilikuwa imebaki nusu. Pale nikapanda Noah inayokwenda Marangu Mtoni, na kadiri tulivyopanda ndivyo migomba ilivyosogea karibu na barabara na baridi ilivyosogea karibu na mifupa. Mtu aliyekulia Lindi huwa anadhani anaijua baridi kwa sababu kuna asubuhi za kipupwe ambazo huvaa shati mbili. Manyunyu ya Julai chini ya Kilimanjaro yalinifundisha kwamba sikuwahi kuijua.

Nyumba ya wageni niliyofikia haikuwa na jiko. Binti wa mapokezi alininyoshea kidole kwenye taa nyekundu zilizokuwa ng'ambo ya barabara akasema, “Nenda pale baa, kaka, huwezi kulala njaa.” Mimi sinywi pombe, lakini sikusita, maana kwa miaka ya kuzunguka na sanduku la mawe nimejifunza kwamba katika miji yetu midogo, saa mbili usiku, mahali penye moto unaowaka na nyama iliyo salama ni baa. Migahawa hufunga mapema. Mamantilie huosha sufuria jua linapozama. Anayebaki na mkaa wa moto ni yule anayehudumia wanywaji, na mwenye aibu ya kuingia hapo atalala na biskuti.

Baa yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa: paa la bati bila dari, viti vya plastiki vyenye nembo za bia, kreti tupu zilizopangwa ukutani hadi usawa wa kifua, na televisheni iliyowekwa juu mno kiasi kwamba waliokuwa wakitazama mpira walikaa kama watu wanaosubiri kunyolewa ndevu. Mhudumu alipita meza hadi meza akiuliza swali ambalo mgeni kutoka nje ya Tanzania huwa haamini kuwa ni swali, yaani bia ya moto au ya baridi, na kwa hali ya hewa ya usiku ule karibu wote walitaka ya moto, wakiifunika kwa kizibo chake kila baada ya funda. Jiko lilikuwa nyuma, banda la mbao lenye mafiga matatu na jiko moja kubwa la mkaa la kuchomea.

Niliagiza nusu kilo ya nyama choma na ndizi za kuchoma. Aliyekuja kunijibu hakuwa mhudumu bali mpishi mwenyewe, mama wa makamo aliyejifunga kanga juu ya sweta, akifuta mikono yake huku akinitazama kama muuguzi anayepokea mgonjwa.

“Pole, baba. Na hayo mafua, utatafuna choma usiku huu?”

“Nina njaa, mama.”

“Najua una njaa. Kunywa mtori ulale. Choma utakula kesho.”

Nilikereka kidogo. Mteja huagiza, mpishi hupika; ndivyo nilivyokuwa nikiamini. Zaidi ya hapo, nilijiona naujua mtori, kwa kuwa nilikuwa nimeshaula Dar es Salaam mara nyingi kwenye vibanda vya supu za asubuhi, uji mzito wa rangi ya kijivu wenye ladha ya viungo vya pakiti na vipande viwili vya nyama vilivyojificha chini, nikauweka katika kundi la vyakula ambavyo watu huvisifu kwa sababu tu mama zao walivipika. Nikamwambia kwamba mtori naujua. Akaniuliza, “Wa wapi?” Nikasema wa Dar. Akasema, “Aah,” akageuka kwenda jikoni, na ile “aah” ndiyo iliyonifanya nisiite mhudumu kubadilisha oda.

Kabla hajafika mlangoni nilimfuata, kwa sababu kulikuwa na jambo moja ambalo lazima nilijue. Nilimuuliza kwa sauti ya chini kama sufuria ya mtori hupikiwa pia kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, na nyama imechinjwa na nani. Miaka ya mwanzo ya kazi hii nilikuwa naona haya kuuliza, nikiogopa kuonekana namdharau mwenyeji, na matokeo yake nililala na njaa mahali ambapo ningeweza kula, au nilikula huku roho ikinisuta. Mama yule hakuonyesha hata dalili ya kuudhika. Alinionyesha banda la pili, upande wa pili wa ua, lenye mpishi wake na sufuria zake, akasema kitimoto kiko kule na hakivuki, na kwamba ng'ombe hununua kwenye bucha ambako mchinjaji ni Mwislamu. Akaongeza, “Umefanya vizuri kuuliza. Anayekula na wasiwasi hashibi.”

Basi likaja lile bakuli, ulimi ukaungua, na mzee akatoa somo. Nikaanza upya, safari hii nikikwangua ukingo wa bakuli kidogokidogo huku nikilizungusha, na hapo ndipo nilipoelewa sababu. Mtori ni mzito, kwa hiyo joto halina pa kutokea. Ule utando wa juu hulifungia ndani, na katikati hubaki pa moto hadi mwisho wakati pembezoni pameshapoa kiasi cha kulika. Ukila kandokando unakuwa na chakula cha joto lile lile kutoka kijiko cha kwanza hadi cha mwisho, na usiku wa baridi hilo si jambo dogo, kwa sababu sahani ya choma hupoa kabla hujamaliza kuosha mikono.

Nao haukuwa mtori nilioujua. Ndizi zilikuwa zimepondwa lakini hazikupotea. Ulimi ulikutana na chembechembe laini zilizoyeyuka zenyewe, ukapata utamu wa mbali unaokuja nyuma ya chumvi, kisha mafuta ya mbavu, kisha kitunguu kilichoiva hadi kikasahaulika. Rangi yake ilikuwa ya manjano iliyofifia. Hapakuwa na binzari wala pilipili manga wala viungo vya pakiti. Kipande cha ubavu kilikaa juu, nyama yake ikiachana na mfupa kwa kuguswa na kijiko. Kando waliweka kipande cha ndimu na pilipili mbuzi moja nzima ambayo huikati wala huitafuni, bali unaibonyeza kwenye bakuli mpaka iachie harufu. Nilipofika nusu nilikuwa natokwa jasho kwenye paji la uso, na pua zilizokuwa zimeziba tangu Chalinze zilifunguka. Nilimaliza, nikanywa soda ya tangawizi isiyo ya baridi, nikalala kama gunia.

Asubuhi nilirudi kabla ya kwenda kazini, kwanza kwa ajili ya bakuli jingine, pili kwa sababu ya deni ambalo sikujua kuwa ninalo. Usiku nilikuwa nimempa mhudumu noti ya shilingi 10,000 kwa ajili ya kila kitu, akaniletea chenji, nami nikaondoka nikiamini nimelipa. Kumbe jiko lina mwenyewe na kaunta ina mwenyewe. Mama yule alikodi banda la jikoni kwa mwenye baa, na hela za chakula hulipwa kwake mkononi. Pesa ya mtori ilikuwa imepotelea njiani kati ya meza na jiko, na hadi leo siwezi kusema kama ilikuwa ni kusahau au ni mazoea. Nililipa mara ya pili. Mama alikataa mwanzoni, akitaka kwenda kugombana kaunta, lakini nilimsihi aiache, kwa kuwa shilingi 3,000 si kitu cha kumharibia mtu kazi asubuhi ya kwanza ya mgeni. Tangu siku hiyo, kila baa ninayoingia, huuliza kabla ya kukaa kama jikoni wanalipwa kwao.

Pengine ni lile deni lililomfanya aniruhusu kukaa jikoni. Kwa siku tano nilizokaa Marangu nilikuwa naenda pale saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla gari la chama halijanichukua, nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa na kutazama mtori ukipikwa. Sikuandika kitu. Ninaueleza kama nilivyouona.

Kila kitu huanzia kwenye ndizi, na ndizi yenyewe ni mshare, ambayo sokoni Dar es Salaam huitwa mshale na wauzaji wasiojua tofauti. Ni ndizi ndefu kiasi, nyembamba, inayokatwa ingali mbichi kabisa. Mama alikuwa na mikungu miwili iliyoegemezwa ukutani, mmoja wa mshare na mwingine wa aina nyingine, akanionyesha kwamba ule wa pili ni wa machalari, yaani ndizi zinazopikwa na nyama zikabaki vipande, kwa sababu zenyewe hazikubali kupondeka vizuri. Kumenya kulikuwa kazi ya binti yake, aliyejipaka mafuta ya kula mikononi kwanza ili utomvu usimgande. Mimi nilijaribu bila mafuta, nikisema ni ndizi tatu tu. Utomvu wa ndizi mbichi hutoka mweupe kama maji ya mchele na kwa dakika chache hauonekani, halafu unageuka kahawia, halafu mweusi, na hapo sabuni haina kauli. Siku hiyo nilikwenda kuhakiki mizani ya chama nikiwa na vidole kama vya fundi gereji, na karani mmoja mzee aliponipa mkono aliugeuza, akautazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. “Umeshamenya ndizi zetu,” akasema. Sijui kama ni hilo au ni jingine, lakini kuanzia hapo hakusimama tena nyuma ya bega langu kila niliposhika bisibisi.

Nyama ilikuwa ya mbavu na kifua, yenye mfupa na mafuta, imekatwakatwa vipande vikubwa na kuwekwa motoni tangu saa kumi alfajiri kwa maji, chumvi na kitunguu peke yake. Ikiiva, mama aliitoa yote na kuiweka pembeni katika beseni lenye kifuniko, akaacha mchuzi kwenye sufuria, kisha akatia humo ndizi zilizomenywa, kuoshwa na kukatwa vipande vifupi. Zilichemka hadi zikapasuka. Hapo alichota sehemu ya mchuzi na kuuweka kando, jambo ambalo sikulielewa mpaka alipoanza kuponda, maana ndizi hupondwa zikiwa na mchuzi mchache ndipo zilainike, kisha mchuzi uliobaki hurudishwa upawa baada ya upawa huku mwiko ukizunguka, na mpishi ndiye anayejua pa kuishia. Anayeponda ndizi ndani ya mchuzi wote hupata mabonge yanayokimbia mwiko. Nadhani hiyo ndiyo hadithi ya ule mtori wangu wa Dar es Salaam. Mwisho alirudisha nyama, akatia samli kijiko kimoja kikubwa, akapunguza moto na kuuacha utulie karibu nusu saa.

Mimi ni mtu wa vipimo, na jambo lililonisumbua ni kwamba hakuna kilichopimwa. Siku ya tatu nilileta mzani wangu mdogo wa kuhakikia, kwa utani, nikapima mabakuli matano aliyoyapakua mfululizo kwa wateja. Tofauti kati ya zito na jepesi haikufika gramu 20. Nilimwonyesha, nikitarajia afurahi. Aliutazama mzani, akanitazama mimi, akasema, “Sasa wewe ulidhani nawaibia?”

Niliomba radhi, na nikaurudisha mzani kwenye mkoba. Lilikuwa kosa la kijinga kuliko la kuungua ulimi, kwa sababu lile la ulimi liliniumiza peke yangu. Nilikuwa nimesahau kwamba katika eneo lile mzani si chombo cha mchezo. Mtu hauleti mbele ya mtu mwingine ila kuna shaka. Alinisamehe haraka, lakini bakuli langu la siku ile lilikuja bila mfupa.

Wale wazee wawili wa usiku wa kwanza walikuwa wateja wa kila jioni, na mkubwa wao, ambaye vijana wote walimwita Meku kwa heshima ya uzee, alipenda kunifundisha kila nilipokosea kuitikia salamu. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba mtori, kwa asili, si chakula cha baa wala si chakula cha wanaume. Ni cha mzazi. Kwa desturi ya Wachaga mwanamke akijifungua hukaa ndani akihudumiwa, kwa kawaida na mama mkwe, kiasi cha miezi mitatu, akilishwa mtori kila siku ili damu irudi na maziwa yatoke, na mume mwenye akili huhakikisha ndizi za mshare ziko tayari kihambani kabla mtoto hajafika. Kihamba ni lile shamba la nyumbani, la urithi, ambalo migomba, kahawa na nyumba vyote viko pamoja, ng'ombe wakifungiwa zizini na kulishwa majani na mabua ya migomba, kisha samadi ikirudi kwenye mashina yale yale. Kwa hiyo, alisema Meku, ukila mtori umekula kihamba chote, ng'ombe na mgomba kwa pamoja.

Nikamuuliza ilikuwaje basi chakula cha mzazi kikaishia mbele ya walevi. Alifikiri kidogo, akainua chupa yake kuonyesha kuwa anajihesabu miongoni mwao. “Mtu anayetoka kunywa na mtu anayetoka kuzaa,” akasema, “wote hawana nguvu na wote hawataki kutafuna.” Mwenzake alipinga, akidai kuwa mtori wa baa ulianza kwa sababu ya wasafiri na madereva wanaofika usiku. Walibishana hadi nikaaga, na sidhani kama walimaliza.

Niliona mambo mengine ya kula pale, ambayo nitayapitia upesi tu kwa kuwa sikukaa nayo sana. Kulikuwa na kiburu, ndizi zilizopikwa na kupondwa pamoja na maharage, kizito na cha kushibisha, ambacho ningekula kila siku kama mtori usingekuwapo. Kulikuwa na kisusio, supu ya damu ya mbuzi, ambayo dini yangu hainiruhusu na hakuna aliyenilazimisha. Na kulikuwa na mbege, pombe ya ndizi, ambayo ndiyo iliyoniletea aibu ya safari hii.

Rafiki yangu wa kazini, Mchaga aliyekulia Dar es Salaam, alikuwa ameniagiza nimletee mbege, kwa kuwa yeye alikuwa hajaenda nyumbani tangu Krismasi. Sikuona ubaya wa kubeba kitu cha mtu. Mbege hutengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa siku kadhaa zichachuke, kisha huchanganywa na uji wa ulezi ulioota, pamoja na gome la mti wa msesewe linaloipa uchungu wake. Jambo ambalo mtu asiyekunywa hawezi kulifahamu, na ambalo hakuna aliyenieleza kwa kuwa kila mtu pale alizaliwa akilijua, ni kwamba mbege haiachi kuchachuka eti kwa sababu wewe umeinunua. Niliitia kwenye chupa mbili za maji za lita moja na nusu, nikazijaza hadi shingoni, nikakaza vifuniko kwa nguvu zangu zote za fundi ili isivuje, nikaziweka kwenye mkoba juu ya kichwa changu ndani ya basi.

Tulipita Mwanga kwa amani. Jua lilikuwa kali, na joto chini ya paa la basi liliongezeka. Karibu na Mombo nilisikia mlio kama wa tairi linalopasuka, abiria wote wakageuka, na mbege ikaanza kunidondokea begani, ikamdondokea na bibi mmoja mwenye baibui aliyekaa mbele yangu, ikashuka hadi kwenye kapu la maembe la mtu mwingine. Nilikuwa nimevaa kofia yangu ya kiua, ninanuka pombe, ninaomba radhi kwa sauti iliyokauka. Bibi alinitazama kwa muda mrefu. Kondakta akafungua chupa ya pili taratibu, kama anayetegua bomu, akasema kwa mamlaka ya mtu aliyeyaona haya mara nyingi: “Mbege haifungwi, kaka. Mbege inafunikwa.” Tuliposimama kula nilimnunulia bibi chai na maandazi, akapokea chai, akakataa maandazi.

Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa pili mwezi Februari uliofuata. Mama mkwe wangu, ambaye ni mtu wa Kilwa, alifika na desturi zake za pwani, uji mwembamba wenye pilipili manga nyingi asubuhi na jioni, nami sikuwa na ubishi, maana mke wangu amelelewa nao. Lakini siku ya nne alisema uji unamchosha tumboni na hataki kitu cha kutafuna, na nilisikia sauti ya Meku kana kwamba yuko chumba cha pili. Nilikwenda soko la Mabibo kutafuta mshare. Muuzaji aliniapia kwa Mungu kuwa ndizi alizonazo ni mshare wa Moshi zilizoshushwa alfajiri. Nilijipaka mafuta mikononi, nikamenya, nikatoa mchuzi kando kabla ya kuponda, nikafanya kila kitu kwa mpangilio, na nikapata uji wa kijivu wenye mabonge.

Nilimpigia simu mama wa Marangu, ambaye namba yake nilikuwa nayo kwa sababu ya salamu za sikukuu. Aliuliza habari za mzazi kwanza, kwa urefu, halafu za mtoto, halafu za mama mkwe. Ndipo akauliza ndizi nimepata wapi. Nikamwambia. Kimya kidogo.

“Aah,” akasema.

Kesho yake jioni nilikuwa Ubungo napokea mzigo. Alikuwa ametuma mkungu mzima kwa basi, umefungwa kwa majani makavu ya mgomba na kamba ya katani, jina langu na namba ya simu vimeandikwa kwa kalamu ya rangi kwenye kipande cha boksi, na mahali ulipokatwa utomvu ulikuwa bado unanata. Nilipouinua kutoka sakafuni mikono yangu iliniambia kilo 18, labda na nusu. Kijana wa ofisi ya mizigo aliuweka juu ya mzani wake wa chuma, sindano ikayumba, ikasimama kwenye 22, naye akaandika 22 bila kuinua uso. Niliitazama ile sindano. Niliona hata kabla sijainama kwamba skrubu ya kurudishia sifuri ilikuwa imelegea, kazi ya dakika mbili, na bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu. Kisha nikafikiria foleni ya Ubungo saa ile, na mzazi aliyekuwa hajala tangu mchana, nikalipia kilo 22 na kuubeba mkungu wangu begani.